Ninashinda kazini kutwa nzima, lakini kazi zangu mwenyewe hazisogei. Nifanyeje?

MshonajiMkuu aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaendesha karakana ya ushonaji yenye mafundi wanne, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze nikiwa peke yangu na cherehani moja. Wateja wapo, mafundi wangu wanajua kazi, na sidaiwi kiasi cha kukosa usingizi. Shida ninayoileta hapa ni mimi mwenyewe. Ninafungua saa moja asubuhi, ninafunga saa moja usiku, siku sita za juma, na jioni nikijiuliza nimefanya nini ambacho mwingine asingeweza kukifanya, mara nyingi sipati jibu.

Kazi zilizo zangu hasa ni chache: kupanga bei, kufunga hesabu za mwezi, kuagiza vitambaa kabla havijaisha, na kuandaa makadirio kwa wateja wakubwa. Hizo ndizo zinazolala. Kuna taasisi iliyoniomba makadirio ya sare za wafanyakazi wake, kazi ambayo ingetuweka sawa kwa miezi kadhaa, na karatasi hiyo imekaa mezani kwangu majuma saba. Juzi walinipigia kuuliza kama bado nina nia. Niliona aibu.

Si kwamba sijajaribu. Nimeandika orodha za kazi, zikawa ndefu kiasi cha kuogopa kuzisoma. Nilijaribu ile njia ya Francesco Cirillo ya kufanya kazi dakika 25 kwa saa ya kengele na kupumzika dakika tano, lakini sikumbuki siku niliyofika dakika ya 25 bila mtu kuniita: fundi anauliza kitambaa kipi kinaingia kwenye bitana, mteja yuko mlangoni anataka punguzo, mwingine yuko kwenye simu anauliza nguo yake imefikia wapi. Mwisho nikaamua kuamka mapema zaidi ili nipate saa mbili za utulivu. Nilidumu siku tisa, na siku ya tisa, mchana, nikakata suruali tatu kwa vipimo vya mteja mwingine.

Kuajiri msimamizi siwezi kwa sasa, kwa hiyo naomba ushauri usioanzia hapo. Wenzangu mnaoendesha biashara ndogo, mnafanyaje ili siku isiishie mikononi mwa watu wengine?

---

DaftariKwanza alijibu:

Ndugu MshonajiMkuu, pole na hongera kwa pamoja, maana wengi wetu hatufiki mwaka wa sita.

Kabla hujabadilisha chochote, ningekuomba ufanye jambo moja la kuchosha kwa juma moja tu. Weka daftari dogo mfukoni, na kila unapokatizwa andika saa, nani amekukatiza, ametaka nini, na imekuchukua dakika ngapi. Usiandike jioni kwa kukumbuka, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyechoka huhifadhi yale yaliyomuudhi na kuyaacha mengine. Tumezoea kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunadhani usemi huo unahusu fedha peke yake, ilhali mwenye biashara ndogo hupoteza saa nyingi zaidi kuliko fedha na hana mahali popote alipoziandika.

Daftari hilo litakusaidia pia kwenye makadirio ya muda. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia ya binadamu ya kudhani kwamba kazi itaisha mapema kuliko inavyoisha kweli, hata anapokuwa amewahi kuchelewa kwenye kazi kama hiyo hiyo. Dawa waliyoipendekeza ni kuacha kujiuliza kazi hii itachukua muda gani, badala yake uangalie kazi zilizofanana nayo zilichukua muda gani. Bila maandishi, huna cha kuangalia.

Nina swali moja pia: nani anakata? Kama kila kitambaa kinapitia mkasi wako, basi nina wasiwasi kwamba tatizo lako halihusu muda hata kidogo.

---

MshonajiMkuu alijibu:

Ninakata mimi, karibu kila kitu. Fundi mmoja anaweza kukata vizuri, lakini kitambaa kikiharibika hasara ni yangu, ndiyo maana sijamwachia. Daftari nitaanza kesho.

---

SeremalaWaZamani alijibu:

Ndugu yangu, jibu lako kuhusu mkasi limenirudisha nyuma miaka kadhaa. Nina karakana ya samani, na niliishi hivyo hivyo hadi nilipoelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa mlango mwembamba ambao kazi zote zililazimika kupenya. Mafundi wanne wakimsubiri mtu mmoja akate, hawawezi kushona haraka kuliko yeye anavyokata, hata ukiwapa cherehani mpya kesho. Na mtu huyo huyo ndiye anayepanga bei, anayepokea simu na anayetuliza wateja, kwa hiyo kila anapoitwa mlangoni karakana nzima inasimama bila mtu yeyote kuona kwamba imesimama, kwa sababu mafundi wanajitafutia vijikazi vya kuonekana wana shughuli.

Ila ningependa kukaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi hawaligusi, nalo ni idadi ya oda zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961, na ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kidole: idadi ya oda zilizomo ndani, ukiigawa kwa idadi ya oda zinazotoka kwa siku, inakupa wastani wa siku ambazo oda moja inakaa kwako. Tuseme una oda 42 ndani, na karakana yako inamaliza sita kwa siku. Kila oda itakaa kwa wastani siku saba. Sasa ukiona huruma, au ukiogopa kumpoteza mteja, ukapokea hadi zikafika 60 huku mafundi ni wale wale, wastani unakuwa siku kumi, na hakuna bidii yako yoyote ya kuamka alfajiri itakayobadilisha hesabu hiyo. Ni wastani, naam, na unashika pale ambapo mambo yametulia kiasi, lakini kwangu umekuwa mkweli kuliko ahadi zangu zote nilizowahi kutoa kwa mdomo.

Angalia kinachofuata, maana hapa ndipo siku yako inapoliwa. Wewe ulimwahidi mteja siku saba kwa mazoea, nguo yake inahitaji kumi, kwa hiyo siku ya nane anapiga simu. Unaacha kukata, unatafuta nguo, unamuuliza fundi, unarudi kwenye simu, unaomba radhi. Ili kumridhisha unaivuta oda yake mbele, na kwa kufanya hivyo unaisukuma nyuma oda ya mwingine, ambaye naye atapiga kesho. Simu hizo unaziona kama usumbufu unaotoka nje, kumbe umezipanda mwenyewe siku ulipopokea oda ya 43. Nilipohesabu zangu niligundua kwamba karibu nusu ya maswali ya wateja lilikuwa swali moja tu: iko wapi kazi yangu?

Nilichofanya si kikubwa. Nilitundika ubao ukutani wenye safu nne, yaani imepokelewa, inakatwa, inaunganishwa, iko tayari, na kila oda ikawa na karatasi yake inayohamishwa na fundi mwenyewe anapomaliza hatua yake. Yeyote anayepokea simu anasoma ubao na kujibu. Kisha nikaweka kikomo: zikifika kiasi fulani, oda mpya inapokelewa kwa tarehe ya mbele, na mteja anaambiwa hivyo kabla hajatoa arubuni. Niliogopa sana kwamba wataondoka. Baadhi waliondoka kweli. Wengi walikubali tarehe ya mbali kwa sababu ilikuwa tarehe ya kweli, na sijui ni kwa nini nilidhani wangependelea kudanganywa.

Kuhusu suruali tatu, usijilaumu kwa uchovu peke yake. Mwaka 1935 ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka katika majaribio huko Ohio, kwa sababu kifaa kinachozuia mitambo ya usukani isitikisike ndege inapokuwa imeegeshwa kilikuwa hakijafunguliwa. Aliyeiendesha hakuwa mwanagenzi. Kilichotokana na ajali hiyo ni orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, ambayo hata rubani mzoefu analazimika kuipitia. Wewe pia unaweza kuwa na karatasi ya oda ambayo haikubali mkasi hadi mistari mitano imejazwa: jina, vipimo, kitambaa kilichobandikwa kipande chake, tarehe, na sahihi ya aliyepima. Ukiwa na karatasi hiyo, yule fundi wako anayejua kukata hatakuwa anabahatisha. Mwachie kwanza vitambaa vya kawaida, vile ambavyo kipande kikiharibika unaweza kukipata tena siku hiyo hiyo, nawe ubaki na vile vya mteja visivyo na mbadala.

---

WinoNaKaratasi alijibu:

Namheshimu sana SeremalaWaZamani na sina ugomvi na hesabu zake, lakini naona tumerukia ubao wakati mwenzetu ametuambia mwanzoni kabisa kwamba anafanya kazi zaidi ya saa 70 kwa juma. Mtu aliyechoka akitundika ubao atakuwa na ubao na uchovu.

Mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua, katika makala aliyoitoa mwaka 2014, takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakiwa wanawake. Alikuta kwamba hadi kufikia saa 49 hivi kwa juma, mazao yaliongezeka sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilileta kidogo zaidi, na waliofanya kazi saa 70 hawakuzalisha tofauti kubwa na waliofanya saa 56. Nakiri kwamba kusimamia biashara si sawa na kutengeneza risasi, na mwenye biashara anaweza kuhesabu mazungumzo na mteja kuwa kazi. Lakini kama mikono iliyokuwa ikirudia tendo moja ilichoka kiasi hicho, sioni kwa nini kichwa kinachopanga bei kiwe na nguvu zaidi saa kumi na mbili jioni.

Nina kiwanda kidogo cha uchapaji, na kwangu kilichosaidia ni kuweka saa mbili, mara tatu kwa juma, ambazo simo. Nipo ndani ya jengo, mlango umefungwa, simu iko kwa mwenzangu, na maswali yote yanaandikwa kwenye karatasi kusubiri. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoachia kazi moja katikati na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, naye huifanya ya pili vibaya zaidi. Ndiyo maana dakika 25 zako hazikufanya kazi. Hukuwahi kuwa na dakika 25, ulikuwa na dakika nne mara sita. Cha kuchekesha ni kwamba nilipotoka chumbani siku ya kwanza, zaidi ya nusu ya maswali kwenye karatasi yalikuwa yamekatwa kwa mstari, kwa sababu waliouliza walikuwa wamekwisha kupata majibu wenyewe.

Na hayo makadirio ya sare usiyaandike kwenye orodha yoyote. Yape siku, saa na mahali: Jumanne, saa mbili asubuhi, meza ya nyuma. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, ameandika kwa miaka mingi kuhusu tofauti iliyopo kati ya kunuia kufanya jambo na kuamua lini na wapi utalifanya, na wanaoamua hivyo hutimiza zaidi. Kisha mpigie mteja umwambie atayapata Jumatano. Ukishasema, utayafanya.

---

PekeYanguKazini alijibu:

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu mimi sina wa kumpa simu. Ninatengeneza na kuuza sabuni, peke yangu, kwa hiyo nusu ya yaliyosemwa hapa ningeyapenda lakini hayanihusu. Nilichobakiwa nacho ni kufanya kazi zinazofanana kwa mkupuo: siku moja ya kutengeneza, siku moja ya kufunga na kupeleka, asubuhi moja ya karatasi. Ujumbe wa wateja ninaujibu mara mbili kwa siku, na nimeandika saa hizo mahali ambapo wanaziona. Hakuna aliyekasirika.

Ila nina tahadhari moja kwa wale watakaokuja kumshauri mwenzetu awafukuze wateja wadogo kwa jina la Pareto, yaani ile kanuni isemayo kwamba asilimia 80 ya matokeo hutokana na asilimia 20 ya visababishi. Vilfredo Pareto aliangalia umiliki wa ardhi na mgawanyo wa mali, na aliyeupeleka mtazamo huo kwenye mambo ya ubora viwandani ni Joseph Juran, miongo mingi baadaye. Hakuna kati yao aliyesema kwamba wateja wako wamegawanyika 80 kwa 20. Hesabu zako mwenyewe. Nilipogawa faida ya kila mteja kwa saa alizonichukua, badala ya kuangalia mauzo tu, mteja wangu mkubwa kuliko wote aliangukia karibu na mkiani, kwa sababu kila oda yake aliibadilisha mara tatu.

---

MshonajiMkuu alijibu:

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili, na ninawashukuru nyote. Daftari nililiandika kwa siku sita za kazi. Nilikatizwa mara 97. Kati ya hizo, 41 zilikuwa wateja wakiuliza nguo zao zimefikia wapi, 29 zilikuwa mafundi wakiuliza bei, kitambaa au aina ya mshono, 18 zilikuwa mambo mchanganyiko, na tisa tu zilikuwa mambo ambayo kwa kweli yalinihitaji mimi. Nilizisoma mara mbili hizo tisa. Nilitaka ziwe nyingi zaidi.

Ubao umetundikwa. Oda zilizo wazi nilizikuta 58, na tunatoa tano kwa siku, wakati nimekuwa nikiahidi wiki moja. Sikuhitaji kikokotoo kujua kwamba nimekuwa mwongo kwa miezi. Nimesimamisha ahadi za wiki moja na sasa natoa tarehe kwa hesabu. Makadirio ya sare niliyamaliza Jumanne ile ile, yakachukua saa moja na dakika arobaini. Majuma saba kwa ajili ya saa moja na dakika arobaini! Bado sijajibiwa.

Lililobaki linanisumbua. Yule fundi nimemwachia mkasi kwa vitambaa vya kawaida, na nikaandika kwamba mafundi wanaweza kutoa punguzo hadi kiwango fulani bila kuniuliza. Siku ya tatu alimpa mteja punguzo lililokuwa ndani ya kiwango, lakini mimi nikaona mteja yule hakustahili, nikalifuta mbele yake. Tangu hapo ananiuliza kila kitu tena, kwa heshima zote, na najua ananiuliza kwa sababu ipi.

---

SeremalaWaZamani alijibu:

Nilifanya kosa hilo hilo, na lilinigharimu miezi mitatu ya kuulizwa. Kwanza, mwombe radhi, tena mbele ya wenzake, kwa kuwa ulimvunja mbele ya watu. Pili, tafuta njia ya kulirudisha lile punguzo kwa mteja yule, uligharimie mwenyewe, ili fundi aone kwamba neno lake lilisimama. Tatu, weka utaratibu kwamba uamuzi wake wowote ulio ndani ya kanuni hauguswi siku hiyo, hata kama umekukera. Ukiona kanuni ina kasoro, ibadilishe Jumamosi jioni mkiwa wote mmekaa, na ianze kutumika Jumatatu.

Halafu punguza kiwango cha punguzo kama kinakutisha. Ni afadhali kiwango kidogo unachoweza kukivumilia kuliko kikubwa utakachokuwa unakichungulia.

---

MshonajiMkuu alijibu:

Hilo la kumwomba radhi mbele ya wenzake limenichoma, maana nilikuwa nimepanga kuzungumza naye pembeni. Nitafanya kesho asubuhi kabla hatujawasha cherehani. Kiwango nimekishusha nusu.